Mche Wangu wa Kibondo

Mtoto wa dada yangu alivishwa miwani mwaka jana, akiwa na miaka tisa. Anasoma hapa hapa Dar es Salaam, shule ambayo uwanja wake wote umemwagwa zege, kuanzia getini hadi mlango wa choo. Hakuna hata jani. Wakati wa mapumziko wanaambiwa wasikimbie, wataanguka waumie. Basi wanakaa barazani.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa macho, maana dada alikuwa zamu kazini. Daktari, mama wa makamo, alimpima, akaandika namba zake, kisha akanigeukia: "Mjomba, huyu mtoto awe anatoka nje. Kila siku apate kama saa mbili za mwanga wa jua."

Nikacheka. Si kwa dharau, hapana. Mimi, ndugu msomaji, nilisoma shule ya msingi Kibondo, na huko nje ndiko nilikokuwa naadhibiwa.

Shule yetu ilikuwa mgongoni mwa kilima. Asubuhi za mwezi wa sita baridi ya kule inauma kweli, na sisi saa kumi na mbili na nusu tuko njiani tunachapa lapa, jembe begani, dumu la lita tano mkononi. Kulikuwa na shamba la mahindi na maharage, na kuzunguka uwanja kulikuwa na miche ya mijohoro. Kila mwanafunzi na mche wake. Kiangazi kijito kilibaki kule chini bondeni. Kushuka ni rahisi, kupanda usiniulize. Mche ukinyauka, viboko vinne. Ukichelewa, unalima. Ukiongea Kiha darasani, unalima. Ukikosa hesabu, unalima pia, kana kwamba jawabu la kugawanya limefukiwa ardhini. Mavuno yalipofika tuliyaona maharage yakifungwa kwenye magunia, halafu hatukuyaona tena.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe na mashamba na kazi za mikono, na jambo ambalo wengi hulisahau, alitaka wanafunzi nao washiriki katika kuamua mambo ya shamba lao na waone faida ya jasho lao. Hadi zamu yetu ilipofika, miaka arobaini na kitu baadaye, pale kwetu kilichokuwa kimesalia ni jembe.

Na wengi wetu tulikuwa peku. Wanaosema udongo ni afya nawakubalia, ila kwanza wangekaa jioni moja kwenye kigoda mbele ya bibi yangu akiwachokonoa funza kwa pini. Hapo sijataja minyoo ya safura, ambayo huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu. Ndiyo maana tulikuwa tunapangwa mstari na kupewa vidonge vya minyoo. Shamba na ugonjwa vilikuwa mahali pamoja, na kilichovitenganisha ni jozi ya viatu na choo kizuri.

Nikiwa darasa la tano, usiku mmoja nilitoka nikaenda shuleni nikauua mche wangu. Niliukanyaga, nikauzungusha, ukakatika. Sijui nilifikiri nini. Labda kwamba bila mche hakuna maji ya kuchota. Asubuhi nilipoulizwa nikasema ni mbuzi. Mwenye mbuzi alikuwa mama mjane jirani na shule. Akatozwa faini ya kuku. Mimi nikapewa mche wa mwenzangu aliyehama, kwa hiyo maji nikaendelea kuchota kama kawaida.

Mwaka 2015 ndipo nikaona nje ya aina nyingine. Baba mdogo alikuwa dereva wa lori la mbao Kasulu, na likizo ya Desemba nikamfuata, nikadandia kama utingo hadi kambi ya Nyarugusu. Kambi ile ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwaka huo wa 2015 Warundi walimiminika kwa makumi ya maelfu wakikimbia machafuko ya kwao, na madarasa hayakutosha. Watoto walikuwa wanasoma chini ya miti, ubao umeegemezwa shinani. Kwa mbali palipendeza, bwana. Kivuli, upepo, sauti za watoto wakiitikia. Halafu mvua ikaja. Mwalimu akaubeba ubao kichwani, watoto wakatawanyika, daftari ndani ya mashati, na somo likaishia hapo.

Mvulana mmoja alikimbilia chini ya lori letu. Kiha na Kirundi ni ndugu, tukaelewana. Nikamwuliza, kwa ujinga wa kijana wa miaka kumi na sita, kama si raha kusoma nje hivi kuliko kufungiwa ndani. Akanitazama. "Shule yenu ina paa?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na la kuongeza.

Miwani ya yule binti ndiyo iliyonirudisha kwenye haya yote. Nilianza kusoma. Kumbe daktari hakubahatisha. Huko Guangzhou, China, watafiti walichukua shule 12, nusu yake wakaziongezea dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, shule ambazo hazikuongezewa, karibu watoto 40 katika kila 100 walikuwa wameanza kutoona mbali, zilizoongezewa, 30. Matokeo yalitoka 2015, mwaka ule ule nilipokuwa juu ya lori la mbao. Na Finland, utafiti uliotolewa 2020: walitandaza udongo wa msitu na nyasi kwenye viwanja vya shule za chekechea, na katika siku 28 tu ngozi za watoto zikawa na vijidudu vya aina nyingi zaidi, na damu yao ikaonyesha dalili za kinga ya mwili iliyotulia vizuri zaidi.

Nayaamini. Lakini nadhani katika wale watoto hakuna aliyetolewa nje kwa sababu amekosa hesabu. Na mvua ikinyesha, walikuwa na pa kuingia.

Juni, likizo, nikampandisha basi yule binti tukaenda kwa bibi yake. Shule yangu ya zamani ilikuwa imefungwa, lakini uwanja umejaa watoto, hakuna aliyewaita. Mijohoro imepita paa. Wasichana wanaruka kamba kivulini, wavulana wadogo wanachimba sijui nini. Binti akaniachia mkono, akaenda. Baada ya saa nzima akarudi, magoti yana vumbi, miwani ameishika mkononi, jasho linamtoka.

"Mjomba," akasema, "mbona pale katikati hakuna mti? Jua linatuchoma tukifika pale."

Nikatazama. Kweli, safu imenyooka, halafu pengo, halafu inaendelea.

"Mbuzi," nikamwambia.