Onyesha Njia, Kisha Tueleze Kwa Nini

Swali lenyewe ni jepesi: je, jumla ya namba witiri mbili ni shufwa siku zote? Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa sekondari huku Columbus, Ohio, na vijana wa kidato cha pili kwetu Tanga.

Huku jibu linaanzia mdomoni. "3 na 5 ni 8, 7 na 9 ni 16, basi ni kweli." Mwalimu hasemi umepata wala umekosa, anawageukia wengine: mmeridhika? Hapo ubishi unaanza. Mmoja anadai mifano haitoshi hata ikiwa elfu, na yuko sahihi: n² + n + 41 hutoa namba tasa kwa kila n kuanzia 0 hadi 39, lakini n ikifika 40 tunapata 1681, yaani 41 × 41. Mwingine anasema kila witiri ina moja inayobaki bila mwenzake, na hizo moja mbili zikikutana zinafanya jozi. Ubishi huu umepangwa. Viwango vya Common Core vya mwaka 2010, vilivyopokewa na majimbo mengi ya Marekani, vinamtaka mwanafunzi ajenge hoja na apime hoja za wenzake. Waambie sasa wanafunzi wa Columbus waiandike hoja hiyo ya jozi kwa herufi; wengi wanakwama.

Kijana wa Tanga hakwami. Anaandika (2m + 1) + (2n + 1) = 2(m + n + 1), anapiga mstari, kamaliza. "Onyesha njia" ameizoea, na kwenye mtihani njia ina alama zake. Muulize kwa nini katumia herufi mbili badala ya moja. Kimya. Kumbe angetumia n peke yake, angethibitisha tu kwamba witiri ikijumlishwa na yenyewe hutoa shufwa. 3 na 5 zingebaki nje.

Tusimlaumu. Shule ya msingi alisoma hisabati kwa Kiswahili, sekondari akaikuta kwa Kiingereza. Kukokotoa anaweza kwa lugha yoyote, ila kubishana kunataka lugha anayoimudu.

Walimu wenzangu wa nyumbani, kalamu ya vijana wetu ni nzuri, msiiguse. Ongezeni dakika tano tu baada ya jibu: mwanafunzi asimame aitetee njia yake kwa Kiswahili, wenzake wamhoji, kisha aiandike kwa Kiingereza cha mtihani. Hilo halihitaji bajeti wala mtaala mpya.