Posa yangu ilivyovuka Ngorongoro

Msomaji wangu, kama hujawahi kupeleka posa mlimani, usinicheke. Mie mtoto wa Bariadi, mahali ambapo ukipanda kichuguu unaiona kesho. Mchumba wangu ni Mwiraqw wa Karatu. Tulijuana Mwanza alipokuwa chuo. Alipokuja kwetu mara moja, jua kali, alisema, "Huku hata pa kujificha hakuna." Akanipa sharti: niende kwanza nione alikotoka, ndipo nimuulize tena kama ataweza kuishi kwetu.

Basi, saa 11 alfajiri mie na baba mdogo tukaondoka, barua imo ndani ya bahasha ya kaki. Bariadi hadi Lamadi ni lami, kilometa zipatazo 70, pamba kushoto, pamba kulia. Hapo tukadandia gari la watalii lililokuwa linarudi Arusha tupu. Dereva ni mshikaji wangu. Geti la Ndabaka tukalipa kiingilio cha wazawa, tukazama Serengeti.

Mpaka mchana nchi ilikuwa bado kama ya kwetu: tambarare, migunga, nyumbu. Baba mdogo akawa anahesabu simba. Nikadhani anafaidi utalii, kumbe mzee yuko kwenye mahari.

"Mwanangu," akasema, "ng'ombe tutawapitisha wapi?"

Dereva alicheka hadi gari likayumba. Lakini swali lilikuwa zito. Hifadhini mifugo marufuku, na kuzungukia Shinyanga, Singida na Babati ni lori, na lori ni hela.

Tulipopita Naabi, nchi ikaanza kuinuka. Milima ikatokea mbele, ya bluu, na ng'ombe wa Wamasai wakila majani karibu na pundamilia. Huku ni Ngorongoro, iliyotengwa na Serengeti mwaka 1959 ili wafugaji na wanyama wakae pamoja. "Mbona hawa wanapita?" baba mdogo akalalamika.

Barabara ikapanda kwa kona. Masikio yakaziba, joto likabaki chini, ukungu ukaingia dirishani, miti imeota ndevu za kijivu. Kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, tukashuka. Jamani! Chini, mita 600 hivi, nchi nzima imekaa kwenye bakuli: ziwa, msitu, na nyati kama punje za ulezi. Dereva akasema zamani ulikuwa mlima wa volkano, ukadidimia. Nilitetemeka, nusu baridi, nusu woga. Msichana aliyekulia jirani na kitu kile nimwambie nini? Njoo Bariadi, kuna jua?

Baada ya geti la Lodoare lami ikarudi, udongo ukawa mwekundu, mashamba yamelala migongoni mwa vilima. Saa 12 jioni tukapiga hodi. Baba mdogo, meno yanagongana, akasahau Kiswahili. "Mwadila!" akamsalimu mama mwenye nyumba. Watoto wakaangua kicheko. Akatoa barua kwa vidole vilivyokufa ganzi. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati bila kuifungua.

"Kunyweni chai kwanza. Mengine asubuhi."

Mwenzangu akatoka chumbani na mablanketi mawili. La kwanza akamfunika baba mdogo. La pili akaliweka mapajani mwangu, hakunitazama, akarudi jikoni.