Ukivuta trela, panga pa kulala kwanza

Kwa kawaida hapa tunaongea habari za kompyuta, programu na simu. Leo mada ni trela. Msikimbie, kompyuta zitaingia tu :-)

Ukiishi Baba Dogo huhitaji kuelezwa trela ni nini. Mtaa wetu umechanganya nyumba na viwanda, na matrela yanapita karibu na milango yetu yakienda kupakua kwenye maghala. Mjomba wangu ameendesha trela kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka mingi. Mwaka jana nilisafiri naye mara mbili, kompyuta mapajani, kwa sababu za kikazi. Mteja mmoja mwenye malori matatu alikuwa ameniomba programu: lori lina kifaa cha GPS, na likisimama zaidi ya dakika 30, simu ya mwenye mali ilie ili ampigie dereva kumuuliza kulikoni.

Kuandika programu hiyo ni kazi ya jioni moja. Lakini kabla ya kuiandika nilitaka kujua lori likisimama huwa linafanya nini. Haya ndiyo niliyoyaona, na yatamfaa yeyote anayevuta trela, hata dogo la kubebea jenereta.

1. Chagua pa kulala kabla ya kuwasha injini

Tupige hesabu. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480. Mwendo wa juu kabisa wa lori zito ni kilomita 80 kwa saa, lakini ukihesabu mizani ya Mariakani, vilima na foleni, wastani wa 50 ni mzuri. 480 gawa kwa 50 ni saa 9.6. Sheria ya Trafiki ya Kenya, tangu marekebisho ya 2012, inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya jumla ya saa 8 katika saa 24. Maana yake ni kwamba, kwa dereva mmoja na mzigo kamili, Mombasa hadi Nairobi si safari ya siku moja.

Kwa hiyo anza na usiku, urudi nyuma. Mtito Andei iko karibu katikati, kama saa 5 kutoka Mombasa. Emali iko kama kilomita 350 kutoka Mombasa, saa 7. Ukitoka Mombasa saa 3 asubuhi, Emali utaikuta saa 10 jioni kama hukuchelewa mizani. Ukitoka saa 7 mchana, lala Mtito na usibishane na hesabu.

2. Fika kabla ya giza

Kulipambazua trela kinyumenyume kwenye uwanja wenye mashimo, gizani, ni kutafuta hasara. Ukifika na mwanga unaona nguzo, mitaro na waya za umeme, na utingo wako anaonekana kwenye kioo. Chagua uwanja wenye taa, ua na mlinzi, ulipie na udai risiti. Egesha kichwa cha lori kikitazama njia ya kutokea, na milango ya kontena iwe karibu na ukuta kiasi kwamba haiwezi kufunguka. Asubuhi utatoka moja kwa moja.

3. Zunguka gari mara mbili

Mara moja ukiegesha, mara moja kabla ya kuondoka. Angalia sili, loki za kontena, tairi, taa, kifuniko cha tangi, paipu za upepo wa breki na pale kichwa kinapoungana na trela. Upepo wa tairi pima asubuhi zikiwa baridi, maana tairi ya moto hudanganya kipimo. Wekea magurudumu kabari hata kama breki ya kuegesha iko sawa. Asubuhi usiondoke mpaka upepo wa breki ujae.

Hapa simu inasaidia sana. Piga picha ya sili namba zikionekana, jioni na asubuhi. Picha huhifadhi ndani yake saa iliyopigwa, na mahali pia kama umewasha huduma hiyo. Ila ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, habari hizo huondolewa. Itume kama faili, au hifadhi ile ya asili. Siku mtu akidai sili ilivunjwa mikononi mwako, picha hiyo ndiyo shahidi wako.

4. Usilaze mzigo wa transiti mtaani kwenu

Najua mke na watoto wako karibu. Lakini tangu 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda hufuatilia mizigo ya transiti kwa sili za kielektroniki. Ukiacha njia iliyoidhinishwa kuja kulala Baba Dogo, kengele inalia ofisini kwao.

5. Kula na kulala kwa akili

Chakula na kinywaji nunua mwenyewe, na glasi ukiiacha mezani usiirudie. Habari za watu kuwekewa "mchele" mnazijua. Pesa ziache kwenye M-Pesa. Beba betri ya akiba ya simu, na pakua ramani mapema, kwani kuna sehemu ndefu ambako mtandao hukatika.

6. Miteremko inataka mtu aliyelala

Baada ya Nakuru kuna Salgaa na Sachangwan. Pale Sachangwan, Januari 2009, lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka na zaidi ya watu 100 wakafa. Karibu na hapo, Migaa, alfajiri ya 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana, watu 36 wakafa. Mteremko unashukwa kwa gia nzito, mguu ukigusa breki kidogo kidogo. Kuachia gari liteleze bila gia ili kuokoa dizeli kumeua wengi. Na mtu mwenye usingizi ndiye anayeona uvivu kurudisha gia. Mjomba husema, "Mpwa wangu, dizeli hununuliwa tena."

Sasa turudi kwa programu. Usiku wa pili, tukiwa tumeegesha Maai Mahiu, niliwaza kengele ile ya dakika 30 ingefanya nini. Ingemwamsha mjomba saa 4 usiku. Angejieleza, na bosi angesikika kama hakuridhika. Baada ya simu tatu kama hizo dereva yeyote ataona heri aendelee na safari. Kwenye ramani nukta ingekuwa inasonga vizuri, na ndani ya kichwa cha lori kungekuwa na mtu anayesinzia nyuma ya tani 50.

Kwa hiyo nilimpelekea mteja pendekezo tofauti. Dereva na ofisi wanachagua pa kulala kabla ya safari, na programu inapachora kwenye ramani kama duara. Lori likiwa ndani ya duara, kimya, isipokuwa likianza kuondoka kabla ya saa waliyokubaliana. Kengele inalia lori likipita duara bila kusimama, au saa 8 za uendeshaji zikiisha. Ni mistari ile ile ya kodi, sharti tu limegeuzwa.

Mteja alisita. Nikamwonyesha ile hesabu ya 480 gawa kwa 50, akaipiga mwenyewe kwenye simu yake mara mbili. Amekubali tuijaribu kwa lori moja kwa miezi mitatu. Matokeo nitayaleta hapa, yakiwa mazuri au mabaya.

Safari njema, na mlale salama.