Hakusema Zina Mchanga?

Juzi, kwenye semina ya wajasiriamali mjini, mkufunzi alituuliza nani kati yetu ameshawahi kuuza bidhaa nje ya nchi. Sisi wanawake wa Paje tukatazamana, mkono haukunyooka hata mmoja. Nimo ndani ya daladala narudi ndipo nikakumbuka kuwa tumesema uongo.

Mama alianza kulima mwani kilimo hicho kilipoingia pwani yetu, 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Maji ya bamvua yakipwa, anateremka na kamba zake na vigingi. Kazi yangu ilikuwa kufunga vishada kwa taitai mpaka vidole vichubuke. Ukishakauka tunaujaza magunia, tunaupeleka ghalani usafirishwe nje. Mpimaji anatia mkono ndani ya gunia, anausugua mwani viganjani, anasema, "Una mchanga huu," anakata kilo. Mama habishi. Atabishana naye akauze wapi?

Siku moja alimuuliza yule mpimaji, Wazungu wanaufanyia nini. Akajibiwa: wanatilia kwenye dawa ya meno, ishike. Mama alicheka mpaka ushungi ukamteleza, maana yeye meno alikuwa akisugua kwa mkaa. Mimi sikucheka. Niliijua bei ya dawa ya meno dukani, na nikaapa nikikua sitauza gunia, nitauza kitu.

Basi nikakua. Kotonii, mwani wenye bei, ukaanza kufa bahari ilipozidi joto. Ukabaki spinosum, wa bei ya chini. Tukaunda kikundi cha sabuni: mwani wa kusaga, mafuta ya nazi, mdalasini, mchaichai. Mwaka mmoja nikaenda Sabasaba, Dar es Salaam, mteja kutoka Ujerumani akanusa kipande cha sabuni ya karafuu, akataka vipande 2,000. Kwenye boti nilirudi kama bibi harusi.

Kumbe alitaka kila kipande gramu 100. Sisi tunakata kwa waya, kwa kukadiria. Nilipoazima mizani ya sonara, kimoja kilikuwa 87, mwenzake 118. Tena Umoja wa Ulaya unataka ripoti ya mtaalamu kuwa sabuni ni salama, na mtu aliye hukohuko wa kuibebea dhamana. Gharama ya ripoti peke yake ilimeza faida yote. Mteja alisubiri miezi mitatu, kisha barua pepe zikakoma. Simlaumu. Ila hizi semina hutupa moyo mno, nami moyo nilikuwa nao, nilikosa mizani.

Mama siku hizi haingii majini, magoti hayataki. Zile sabuni ziko uvunguni mwake, anaogea. Jana aliniuliza yule Mzungu alizikataa kwa nini.

"Uzito haulingani, mama."

Akakigeuza kipande mkononi, akakinusa.

"Hakusema zina mchanga?"