Samaki Aliyechomoka

Nyumbani kwa mjomba wangu, Nkome, kuna samaki wa mpira amening'inizwa kwenye msumari juu ya redio. Ana urefu wa kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, mgongo wa kijani, tumbo jeupe, na mkia unaochezacheza ukimgusa. Chini ya tumbo ana ndoano mbili, kila moja ikiwa na makucha matatu. Mjomba alimwokota ufukweni. Anaamini alipotezwa na watalii, wale wanaokwenda kisiwa cha Rubondo kuvua sangara kwa starehe. Watoto walipomuuliza kama samaki yule analiwa, aliwajibu, "Huyu haliwi wala hali. Kazi yake ni kudanganya tu."

Samaki yule ndiye aliyenisaidia kujua kilichonipata ziwani, ingawa ilichukua miezi.

Sisi ni watu wa Buseresere, na Buseresere si mji wa ziwa. Ni mji wa barabara. Ukitoka Geita unafika Katoro, na kabla hujajua Katoro imeishia wapi uko Buseresere tayari. Mmoja uko wilaya ya Geita, mwingine Chato, lakini maduka yameshikana. Watu wanaishi kwa mahindi, pamba, biashara na dhahabu. Kijana akitaka pesa ya haraka anakwenda kwenye maduara, na wengi wanarudi na vumbi. Mama yangu anakaanga samaki sokoni. Samaki wake wanatoka Nkome kwa kaka yake, wanakuja kwenye tenga nyuma ya pikipiki. Kwa hiyo ada yangu yote, tangu darasa la kwanza hadi shahada ya kwanza, ilipitia mdomoni mwa sangara.

Pamoja na hayo, hadi nafikisha miaka 23 sikuwa nimewahi kumwona sangara akitoka majini. Kwetu mwanamke hapandi mtumbwi wa uvuvi. Hakuna sheria ya serikali inayosema hivyo. Mwaloni wanawake wananunua, wanaanika dagaa, wanakopesha, na wapo wanaomiliki mitumbwi na injini zake. Kupanda ndiyo hapana. Inasemwa samaki wanakimbia.

Septemba 2022 nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza na nimepata nafasi ya kusoma uzamili wa takwimu Dar es Salaam. Nafasi nilipata, pesa sikupata. Nilikwenda Nkome kumsalimia mjomba, na ukweli ni kwamba nilikwenda kumwomba. Asubuhi moja mmoja wa vijana wake wawili aliamka na malaria. Mjomba alikunywa chai yake taratibu, akaniangalia, akasema, "Utakuja wewe." Yule kijana wa injini aliweka kikombe chini. Hakusema neno.

Tulianza kwa kuinua migonzo, ile mishipi mirefu yenye ndoano nyingi iliyolala usiku kucha. Haikuwa na kitu cha maana. Sangara wawili walikuwa chini ya sentimita 50, na sheria hairuhusu kuwachukua, wakarudishwa. Mjomba akasema tujaribu mshipi wa mkono. Kwenye ndoo alikuwa na mumi hai. Alichagua mkubwa kuliko kiganja chake, akamtunga haraka haraka maana upepo ulikuwa unaanza. Nilimuuliza kwa nini asiweke mdogo. Akasema, "Sangara mkubwa hatoki nyumbani kwa sababu ya dagaa."

Alinipa mshipi nishike wakati yeye anageuza mtumbwi. Kiganjani alinizungushia kipande cha mpira wa baiskeli ili nisikatwe. Sijui tulikaa muda gani. Mshipi uligongwa mara moja, kama mtu anayebisha hodi akiwa na haraka, kisha ukaanza kwenda.

"Bado," alisema mjomba. "Bado. Sasa!"

Nilivuta kwa mwili mzima. Upande wa pili kulikuwa na uzito wa gunia la mahindi, gunia lenye akili. Alikwenda, nikamwachia. Alitulia, nikavuta. Kisha mshipi ukaanza kupanda wenyewe, na umbali wa hatua kama 20 kutoka mtumbwini maji yakapasuka. Alitoka nusu ya mwili, kinywa wazi, nikaona mumi wetu akining'inia kwenye taya lake kama kitambaa. Alitikisa kichwa mara mbili. Mumi alirushwa huku, akarushwa kule. Halafu mshipi ukawa mwepesi.

Wepesi ule siusahau. Nilivuta mshipi hadi mwisho nikijua hauna kitu. Ndoano ilirudi na mumi wake, na ncha ilikuwa imezama kwenye mgongo wa mumi mwenyewe. Niliiona, sikuielewa.

Kijana wa injini alisema alikuwa wa kilo 50. Mjomba alisema 40. Samaki aliyechomoka huongezeka uzito kila anaposimuliwa, kwa hiyo mimi nitasema 30. Hata huyo wa 30 angetosha. Nyama yake ingelipa deni la petroli, na mabondo yake yangelipa sehemu nzuri ya ada. Mabondo ni kile kibofu cha hewa kinachomsaidia sangara kukaa kwenye kina anachotaka. Wanunuzi hukikausha na kukipeleka China, na kilo yake huuzwa ghali mno kuliko kilo ya nyama.

Tuliporudi ufukweni kijana alishuka wa kwanza. "Mzee, si nilijua," alisema, kwa sauti ya kutosha watu wanaopanga dagaa kusikia. Mjomba alikuwa anakunja mshipi. Aliendelea kukunja.

Nilipofika Buseresere kesho yake habari ilikuwa imetangulia. Mama hakunigombeza. Alinigeuzia samaki kwenye sufuria ya mafuta, akasema, "Mwanangu, mambo mengine tuwaachie wenyewe." Ada alikopa kwenye kikoba chake. Nikapanda basi la Dar nikiwa nimemkosesha mjomba samaki wa mwaka na nimemwongezea mama deni.

Ukitaka kujua uchungu wa jambo hili, fikiria mtu anayesoma takwimu. Mchana unafundishwa kwamba tukio moja si ushahidi, kwamba mambo mawili kutokea pamoja hakufanyi moja kuwa sababu ya jingine. Usiku unalala ukijiuliza kama kweli ulimfukuza samaki.

Usiku mmoja hosteli, badala ya kusoma, nilitafuta kwenye simu yule samaki wa mpira wa mjomba. Nikawakuta Wamarekani. Wanavua samaki anayeitwa bass, ambaye hata Kenya yupo, Ziwa Naivasha, alikopelekwa kutoka Marekani kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kwa macho ya Nkome ni samaki mdogo. Aliyeshika rekodi ya dunia alivuliwa Georgia mwaka 1932 na George Perry, akiwa na uzito wa kilo 10 na kidogo. Mwaka 2009 Mjapani, Manabu Kurita, aliifikia rekodi hiyo kwenye Ziwa Biwa, na chambo chake kilikuwa samaki hai. Wavuvi wa California nao walitengeneza samaki bandia wakubwa, kwa sababu mabwawa yao yalipandikizwa samaki wengine na bass wakubwa wakazoea kuwameza. Falsafa yao ni ile ile ya mjomba kuhusu dagaa.

Lakini kilichonikalisha hadi saa tisa usiku ni malalamiko yao. Wote walilia kilio kimoja: anapiga, ananaswa, anaruka, anatikisa kichwa, anachomoka. Hakuna hata mmoja aliyesema kulikuwa na mwanamke botini.

Sababu zao zilikuwa za kawaida kabisa. Samaki wa aina hii hamng'ati windo. Anafungua kinywa ghafla, maji yanaingia, na chambo kinaingia nayo. Chambo kikiwa kikubwa kinajaza kinywa, na ukivuta, ncha ya ndoano inakutana na chambo kabla ya kukutana na taya. Hata ikishika, chambo kizito kinageuka kuwa chombo cha samaki. Akitikisa kichwa, uzito ule unayumba na kuilegeza ndoano, kama unavyong'oa msumari kwa kuutikisa huku na huku. Kilichomleta ndicho kinachomwondoa.

Dawa zao nazo ni za kawaida. Ndoano iwe kali, na chambo kishikwe kidogo tu ili ncha ibaki wazi. Mshipi usilegee hata kidogo. Samaki akianza kupanda, uinamishe mkono karibu na maji na kumvuta kwa upande, asipate nafasi ya kuruka. Na wengine wanamtoboa samaki wa mpira na kupitisha mshipi ndani yake, ili samaki akinaswa chambo kiteleze juu ya mshipi, yeye abaki na ndoano peke yake, bila kitu cha kutikisa.

Asubuhi nilimpigia mjomba. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Kwamba ndoano ya siku ile ilimchoma mumi. Kwamba mumi alikuwa mkubwa na ametungwa kwa kina.

Alikaa kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Hilo nalijua," alisema.

"Unalijua?"

"Ndoano iliyomshiba chambo haimshiki sangara. Babu yako alinifundisha. Siku ile nilitunga vibaya. Nilikuwa na haraka."

Nilimuuliza kwa nini hakusema pale ufukweni. Alijibu kwamba mzee hatangazi kosa lake mbele ya vijana wake. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mafuta. Nilimuaga kwa heshima, nikakata simu, nikalia. Samaki nilikuwa nimeshamsamehe. Ukimya ule ndio ulinishinda.

Sikumpigia tena karibu miezi miwili. Nilipompigia, nilimwomba kitu kimoja. Kila sangara anayenaswa kwa mshipi wa mkono achore mstari ukutani kwa mkaa, na kila anayechomoka achore msalaba. Nikamweleza pia ile mbinu ya chambo kinachoteleza. Akacheka. Akasema yeye mumi hawezi kumtoboa, ila anaweza kumfunga pembeni ya ndoano kwa uzi mwembamba wa cherehani, samaki akitikisa uzi ukatike.

Mwezi wa tano alinipigia yeye, jambo ambalo halijawahi kutokea, kwa sababu mjomba hu-beep.

"Mama," alisema. Huniita hivyo akiwa na neno zito. "Leo nimepoteza mwingine. Mkubwa."

"Pole, mjomba."

"Wewe uko wapi?"

"Niko Dar."

"Haya. Nimewaambia vijana hivyo hivyo: yuko Dar. Na wa mwaka jana nimewaambia nilitunga vibaya."

Agosti 2023 nilirudi Nkome. Ukuta wa mjomba ulikuwa na alama 23 za mkaa, na 6 kati yake zilikuwa misalaba. Nilizitazama kwa macho ya mtu anayelipiwa ada ili atazame namba. Hazitoshi kuthibitisha kwamba uzi wa cherehani unasaidia. Zinatosha kuthibitisha kwamba sangara anaweza kuchomoka bila mwanamke.

Alfajiri mjomba alinipa tupa na ndoano tatu, akasema nizinoe. Nilinoa hadi ncha ikakwaruza ukucha wangu bila kuteleza. Tulipofika kwenye mtumbwi, yule kijana wa injini alikuwa amekwisha kuingia. Aliniangalia, akahamisha dumu, akafuta ubao kwa kitambaa.

"Dada, kaa huku mbele," alisema. "Nyuma kuna petroli."