Barua kwa Mpwa Wangu Aendaye Ngazija

Malindi, Zanzibar

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako kanieleza kwamba umedunduliza miaka miwili ili uende Komoro, na unataka nikuonyeshe njia ya kutumia kidogo. Nimefurahi. Visiwa vile ni ndugu zetu kwa damu, kwa dini na kwa lugha, lakini vijana wetu wengi wanavijua kwa jina tu. Mimi nimekwenda mara tatu, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, wakati. Usiende Julai wala Agosti. Miezi hiyo Wakomoro waishio Ufaransa, hasa Marseille, hurudi kwao kwa arusi kubwa za ada. Ndege hujaa na nauli hupanda. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni mvua. Nenda Septemba au Oktoba: arusi zimekwisha, mvua bado, na kusi limeanza kulegea.

Pili, fedha. Usitegemee kadi ya benki. Mashine za kutolea fedha ni chache, na ukishatoka Moroni, mji mkuu, ni kama hazipo. Chukua yuro taslimu. Yuro moja ni takriban faranga 492 za Komoro, na thamani hiyo imefungwa, haipandi wala haishuki. Anayekupa chini sana ya hapo anakupunja.

Kutoka uwanja wa ndege wa Hahaya, na popote kisiwani Ngazija, panda teksi za kuchangia. Mtabanana na wenye vikapu vyao, lakini ndimo utakamozoeana na watu. Kikomoro si Kiswahili, ila ukisikiliza kwa makini utaokota maneno mengi unayoyajua. Mkubwa wako mwamkie kwa "kwezi", kama sisi tunavyosema shikamoo. Chakula kanunue soko la Volovolo, pale Moroni: ndizi, muhogo, shelisheli, samaki wa siku ile.

Sasa nisikilize vizuri. Safari yangu ya kwanza nilijisifu kwamba sikulala hoteli hata usiku mmoja. Nilikaribishwa kijijini, kusini mwa Ngazija, nikakaa siku tano. Kila usiku niliandaliwa wali wa nazi, samaki, na kisahani cha pilipili ya kusaga. Usiku wa nne nilitoka uani kunawa, nikawakuta watoto watatu wa nyumba ile wamekaa kizingitini, kila mmoja na kipande cha muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Samaki alikuwa kwenye sahani yangu. Mkubwa wao, wa miaka saba hivi, aliponiona aliuficha muhogo wake nyuma ya mgongo. Mpaka leo sijausahau mkono ule.

Mwenyeji wa kule hatakwambia kwamba amepungukiwa. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule jembe hawakupi, kwa hiyo lichukue mwenyewe. Nunua mchele na sukari, umkabidhi mama wa nyumba siku ile ile unayoingia. Wapo pia wenye vyumba vya kupangisha. Lipa bila kubishana sana. Faranga hizo zinabaki kijijini.

Na maji. Ngazija ni mwamba wa volkano, mlima Karthala ungali hai, na mvua ikinyesha ardhi huinywa yote. Mito ya kudumu hakuna. Watu hukinga maji ya mvua kwenye birika na matangi. Ndoo utakayopewa uogee huenda imekingwa miezi kadhaa iliyopita. Oga kwa kata.

Mwisho, bahari. Utatamani kufika kisiwa cha Mwali, uwaone kasa wakipanda kutaga pale Itsamia, ambako wanakijiji wenyewe ndio walinzi wao. Utaambiwa kwamba boti ndogo kutoka Chindini, kusini mwa Ngazija, ni rahisi kuliko ndege. Ni kweli. Nami niliipanda. Injini ikazima katikati ya mkondo, jaketi la kuokolea hakuna hata moja, tukawa tunakumba maji kwa makopo mpaka alasiri. Chombo kikiwa kimejaa kupita kiasi, au bahari imechafuka, usipande. Weka akiba ya siku mbili tatu na fedha yake, ili uweze kungoja. Chandarua na dawa za kinga ya malaria pia usivionee ubahili.

Basi, mwanangu, jibane kwenye kitanda, kwenye teksi na kwenye chakula cha sokoni, maana hapo anayeumia ni wewe mwenyewe. Usibane uhai wako, wala sahani ya mtoto wa mwenyeji. Mchele ununue siku ya kwanza, kabla hujaketi.

Wasalaam,
Mjomba wako