Sauti Zimenyamaza, Mbona Bado Anasahau?

Msomaji wangu, mwenza wako akisahau siku yako ya kuzaliwa, unanuna. Akisahau ada ya mtoto, hapo hakuna usingizi. Sasa je, akiwa anasahau kila siku, na zamani hakuwa hivyo? Haraka haraka tutasema ana kiburi, au hajali. Mwezi huu nataka tuongee kuhusu kusahau kusikotokana na dharau, maana ndoa moja ya nyumbani kwetu ilibaki kidogo tu ivunjike kwa jambo hilo.

Kaka yangu anaishi Handeni. Akiwa na miaka ishirini na kitu alianza kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Si unajua tena mambo yetu, safari ya kwanza ilikuwa kwa mganga. Ya pili ilikuwa wilaya jirani ya Korogwe, tukapanda milima ya Usambara hadi Hospitali ya Lutindi. Mahali pale palianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, moja ya za mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Tukaambiwa jina la ugonjwa: skizofrenia. Akaanza dawa, na baada ya miezi kadhaa sauti zikanyamaza.

Kisha simu za wifi yangu zikaanza. "Wifi, nimemtuma Korogwe vitu vitatu, karudi na kimoja. Namweleza jambo, kabla sijamaliza keshasahau mwanzo wake. Dawa si anakunywa? Basi huyu kapona, ananidharau tu!" Alikuwa ameshafungasha nguo, anarudi kwao.

Ngoja nikueleze kinachotokea kichwani. Ubongo una kemikali inayoitwa dopamini, ambayo hupeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine. Msweden Arvid Carlsson aliigundua kazi hiyo miaka ya 1950, na mwaka 2000 akapata Tuzo ya Nobel. Kwenye skizofrenia, dopamini huzidi katika eneo fulani la ndani ya ubongo, na ziada hiyo ndiyo inayohusishwa na zile sauti. Dawa nyingi za ugonjwa huu huziba vipokezi vya dopamini, sauti zikapungua.

Tatizo ni kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inahitaji dopamini ya kutosha. Sehemu hiyo ndiyo inayokuwezesha kushika jambo kichwani wakati unalifanyia kazi, kwa mfano vitu vitatu vya kununua. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani waliipunguza dopamini ya sehemu hiyo kwa kima. Wale kima walishindwa kukumbuka upande wa kuchukua chakula baada ya sekunde chache tu.

Mwaka 2006 yakaja majibu mengine, safari hii kwa panya, kutoka maabara za Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Panya huwezi kumuuliza anasikia sauti gani. Lakini unaweza kupima kama anakumbuka njia aliyopita mara ya mwisho. Watafiti walitengeneza panya wenye vipokezi vya dopamini vilivyozidi katika lile eneo la ndani, na panya hao wakawa wanasahau njia. Halafu ile ziada ikazimwa. Unajua nini? Bado walisahau!

Panya si mtu, hilo tusilipuuze. Ila wanatuonyesha kwamba kurekebisha dopamini baadaye kunaweza kusirudishe kumbukumbu iliyokwisha kuathirika. Na ndivyo madaktari wanavyoona kwa wagonjwa wengi: sauti zinaondoka, usahaulifu unabaki.

Nilimweleza wifi yangu haya yote, taratibu, kwa simu. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo hanifanyii makusudi?" Hafanyi, wifi.

Kama nawe una mwenza wa aina hii, jaribu haya. Mpe jambo moja kwa wakati mmoja. Mwandikie kwenye karatasi au simu. Kazi za nyumbani ziwe na saa na mpangilio ule ule kila siku. Usimfokee mbele ya watoto. Na dawa asiziache kwa kuwa "hazisaidii kumbukumbu". Akiziacha, sauti zinaweza kurudi. Kliniki nendeni wote wawili, na huo usahaulifu mwambieni daktari, maana asipoambiwa atauliza habari za sauti peke yake.

Wifi yangu alizifungua zile nguo. Sasa kaka akienda Korogwe, mfukoni ana karatasi yenye mwandiko wa mkewe. Kuna siku bado hurudi na kimoja. Siku hiyo hawagombani.